Mjadala Juu ya Kidukari wa Ngano na Mbegu Inayomkataa

Yapo masuala ambayo mtu akiyaandika kwa sauti yake pekee huyapunja, kwa kuwa kila upande una haki yake na kila haki ina mdai wake, na suala la ngano na mdudu aitwaye kidukari ni miongoni mwa hayo. Kwa sababu hiyo nimeona ni insafu kuliweka mbele ya msomaji kwa njia ya mjadala, nikawaketisha pamoja mkulima wa ngano wa Narok, mtafiti wa mbegu kutoka Njoro, mwenye duka la pembejeo, mwoka mikate wa Mombasa, na bwana shamba mstaafu, ambaye nimempa kiti kwa ajili ya umri wake na kwa kuwa hana tena bidhaa ya kuuza wala cheo cha kutetea. Wazungumzaji nimewatunga; lakini miaka, nchi na matukio wanayoyataja si ya kutunga, na hoja wanazorushiana ndizo ambazo wenye ngano wamekuwa wakirushiana tangu mdudu huyu aonekane Kenya mwaka 1995.

Hoja iliyotiwa mezani ilisema hivi: kwamba mkulima akikabiliwa na kidukari, mbegu yenye ukinzani wa asili ni kinga iliyo bora kuliko dawa.

BWANA SHAMBA: Mabibi na mabwana, ni ada ya mjadala kwamba adui atambulishwe kabla ya kupigwa. Namwomba mkulima, ambaye amelala na hasara ya mdudu huyu akaamka nayo, atueleze jinsi anavyomwona, wala asiharakishe, maana wengine wetu hapa ngano tunaijua ikiwa imekwisha kuwa mkate.

MKULIMA: Ahsante, Bwana Shamba. Mdudu mwenyewe humwoni kwanza. Unaona kazi yake. Unaingia shambani ngano ingali changa, mvua imechelewa kidogo, na unakuta katika majani mistari mirefu, mingine myeupe, mingine ya manjano, na siku za baridi mingine ya zambarau, imefuata urefu wa jani; na jani lenyewe, badala ya kukunjuka likapokea jua, limejisokota kwa urefu wake likawa mrija. Ukiupasua mrija huo kwa ukucha ndipo unapowakuta wamejazana ndani, wadogo, wembamba, wa kijani kilichofifia, urefu wao kama milimita mbili hivi. Ngano ikifika kutoa masuke, suke hunaswa na jani la juu lililojisokota, likatoka limepinda kama ndoana, na suke lililopinda hivyo punje zake hazijai. Mwaka wa mvua njema mtu huvumilia. Mwaka wa kiangazi unaweza kuingiza mashine ya kuvunia ukatoka na kiasi ambacho hakilipi hata mafuta ya mashine yenyewe.

BWANA SHAMBA: Na kwa nini jani lijisokote? Bi Mtafiti, hilo ni lako.

MTAFITI: Mwenyekiti na wazee wangu, kidukari huchoma jani kwa mdomo wake ulio mwembamba kupita sindano, akautafuta mshipa unaopitisha utomvu mtamu, na wakati wa kunyonya huingiza mate. Vidukari wengi hutuumiza kwa kutunyang'anya utomvu tu, ama kwa kutuletea maradhi ya virusi. Huyu, aitwaye kidukari wa Urusi, mate yake yenyewe hutenda kama sumu, yakaharibu ukijani wa jani na kulizuia lisikunjuke. Mrija unaofanyika hapo huwa ni nyumba yake: dawa inayonyunyizwa juu haimfikii, wala hawamfikii wale wadudu wa mgongo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, ambao chakula chao ni vidukari, wala nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mwili wake. Isitoshe, katika nchi nyingi alizozihamia hakuna dume. Jike huzaa majike yaliyo hai pasipo kupandwa, na mtoto anapozaliwa tayari amebeba mimba changa tumboni mwake. Kwa hiyo jike mmoja aliyeletwa na upepo anatosha kulijaza shamba.

Asili yake ni nchi za Asia ya Kati na kandokando yake, kule kule ambako ngano na shayiri zina jamaa zao wa porini. Wataalamu wa Urusi walimweleza kwa jina la kitaalamu mwaka 1913, na kwa miaka mingi hakuna aliyemjali sana nje ya nchi hizo. Kisha mwaka 1978 akaonekana Afrika Kusini, katika mashamba ya kandokando ya mji wa Bethlehem, Free State. Mwaka 1980 akaonekana Mexico. Mwaka 1986 akavuka kuingia Texas, na katika miaka michache akaenea mikoa yote ya ngano ya magharibi mwa Marekani. Kwetu alikuja mwaka 1995. Australia, iliyokuwa ikijisifu kwamba haina mdudu huyu, ilimpata mwaka 2016.

MUUZA DAWA: Bwana Shamba, kama mwenzetu amekwisha kutisha hadhira, nami niruhusiwe kuituliza. Mimi sina maneno mengi. Mtu akija dukani kwangu leo asubuhi na jani lililojisokota mkononi, jioni ana dawa shambani. Akimwendea Bi Mtafiti, ataambiwa asubiri miaka kumi au kumi na miwili, ambayo ndiyo muda wa kawaida wa kuzalisha mbegu mpya ya ngano toka uchavushaji wa kwanza hadi gunia la kuuzwa. Kuhusu mrija huo alioutaja, sisi tunao ufunguo wake: dawa zinazopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, au zinazopenya mwilini mwa mmea, ambazo huingia katika utomvu wenyewe, hata mdudu akajilisha mauti yake mwenyewe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na dawa haichagui. Haiulizi huyu ni kidukari wa Urusi au ni yule wa kijani au ni yule anayeeneza ugonjwa wa udumavu wa manjano wa shayiri. Mbegu yenu inayomkataa huyu mmoja, je, inawakataa na wenziwe?

MTAFITI: Haina dhamana hiyo, na nakiri.

MUUZA DAWA: Basi nimekaa.

Mwenye duka alikuwa na haki ya kuketi kwa majivuno kiasi hicho, kwani hoja yake ya mwisho ni kweli tupu, nayo ndiyo ambayo watetezi wa mbegu hupenda kuipitia haraka. Lakini aliyoyaacha nayo yana uzito. Hakusema kwamba Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku dawa tatu za jamii ya neonikotinoidi kutumiwa nje ya nyumba za kioo, ikiwamo imidaklopridi ambayo ndiyo iliyokuwa ikipakwa sana kwenye mbegu, kwa ajili ya madhara yake kwa nyuki. Wala hakusema kwamba kule Uingereza mwaka 2011 kidukari wa nafaka aligunduliwa amepata usugu dhidi ya dawa za jamii ya pairethroidi, zilizokuwa zikinyunyizwa kila mwaka kwa kuwa ni rahisi. Mtafiti aliyasema yote mawili, nami nayapitia upesi, kwa kuwa ubaya wa dawa umeandikwa mno na waandishi wengi, na msomaji wa makala hii hahitaji kuhubiriwa. Lenye thamani zaidi ni alilolisema baada ya hapo, alipoulizwa hiyo mbegu inayomkataa mdudu hupatikanaje.

MTAFITI: Mwaka 1951 mtaalamu wa Kansas, Reginald Painter, alichapisha kitabu juu ya ukinzani wa mimea dhidi ya wadudu, akaugawa katika namna tatu, na hadi leo tunaufuata mgawanyo wake kwa majina yaliyobadilika kidogo. Upo mmea ambao mdudu akiutua haupendi, akaondoka. Upo ambao anaupenda na kuula, lakini ukamdhuru: akadumaa, akazaa wachache, akafa mapema. Na upo ambao anaula na kushiba na kuzaa, ila mmea wenyewe hautetereki, jani halijisokoti, suke halipindi. Mtafiti wa mbegu huzitafuta namna zote tatu, naye hazitafuti maabarani kwanza. Huzitafuta ghalani, katika mbegu za kale.

Walipopigwa na mdudu huyu, wataalamu wa Afrika Kusini walizipima ngano za kale zilizokusanywa nchi mbalimbali na kupewa nambari katika hazina ya mbegu ya Marekani. Wakaotesha miche katika trei, safu kwa safu, wakaiangushia vidukari, wakangoja wiki mbili tatu. Safu nyingi zilijisokota. Zikabaki chache zilizosimama majani yakiwa yamekunjuka, na katika hizo mbili zilikuwa mashuhuri baadaye: moja asili yake Iran, nyingine Bulgaria. Ile ya Iran ilichanganywa na ngano iliyokuwa ikipendwa na wakulima, iitwayo Tugela, na mwaka 1992 ikatolewa Tugela-DN, ngano ya kwanza duniani kutolewa kwa wakulima ikiwa na ukinzani dhidi ya kidukari huyu. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kikatoa Halt, ambayo ukinzani wake ulitoka katika ngano ya Turkmenistan.

MWOKA MIKATE: Uniwie radhi, Bi Mtafiti. Unaposema ilichanganywa, mimi naona unga katika karai. Huko kwenu kuchanganya ni kufanya nini?

MTAFITI: Ni kukaa kwenye kigoda ukiwa na kibano, Maalim, na macho mazuri. Ua la ngano limefichwa baina ya makapi mawili, na ndani yake mna vifuko vitatu vya chavua, ambavyo vikiwa vichanga huwa vya kijani na vikiiva huwa vya manjano. Ngano hujichavusha yenyewe kabla hata ua halijafunguka. Kwa hiyo ni sharti uiwahi: ufungue makapi pole pole pasipo kulijeruhi tunda lililo chini, ukavitoe vyote vitatu vingali vya kijani, na ukikisahau kimoja kazi ya ua hilo imebatilika na hutajua. Ukimaliza maua ya suke zima unalivisha kifuko cha karatasi. Siku mbili tatu baadaye unakifungua juu, unaleta suke la ngano ya Iran lililoiva chavua, unalizungusha ndani yake, unafunga, unaandika tarehe. Punje utakazopata zina nusu ya Iran na nusu ya Tugela, na ngano ya Iran ni ndefu, huanguka kwa upepo, na mavuno yake ni haba. Kwa hiyo unapanda punje hizo, unaiangushia miche vidukari, unaing'oa iliyojisokota, na iliyosimama unaichavusha tena kwa Tugela, na tena, na tena, hata ibaki ngano iliyo Tugela kwa kila hali isipokuwa kwa kile kipande kidogo cha nasaba kinachomkataa mdudu.

Na kuna jambo moja ambalo mwenye duka hakulitaja, nami simlaumu. Kwa kuwa ngano hujichavusha, mkulima akishanunua mbegu hiyo mara moja anaweza kuitoa akiba ya mbegu katika mavuno yake, na ukinzani ukamfuata msimu hata msimu. Dawa hununuliwa upya kila mwaka.

MKULIMA: Binti yangu, maneno yako ni matamu, lakini mimi nimezeeka katika ngano na utamu haunilevyi. Nieleze mambo mawili. Mwaka 2003, huko Colorado, vidukari wa aina mpya waliikuta Halt na ndugu zake wakazila kana kwamba hazikuwa na ukinzani wowote. Mwaka 2005 Free State nako kukapatikana aina ya pili, ambayo ukinzani ule wa ngano ya Iran haukuwa kitu kwake, na baada ya hiyo zikaja nyingine. Hesabu mwenyewe: toka 1992 hadi 2005 ni miaka kumi na mitatu; toka 1994 hadi 2003 ni miaka tisa. Mnatumia miaka kumi kutengeneza ngao ambayo mdudu anaivunja kwa miaka kumi, na mimi nilalaye katikati ndiye nilipaye. Mwenye duka hapa akiniuzia dawa isiyoua, namrudishia chupa. Wewe nikurudishie nini?

Watu walicheka, lakini mtafiti hakucheka, na kwa muda hakuna aliyesema.

Hapa naomba wasaa wa kuingia kati, maana swali la mkulima ndilo kitovu cha mjadala wote, nalo aghalabu hujibiwa vibaya. Jibu jepesi ni kwamba mbegu kinzani yenyewe ndiyo iliyomfundisha mdudu: walikufa wasioiweza, wakabaki wanaoiweza, wakazaana. Ni jibu linaloeleweka, na katika dawa za kunyunyiza ndivyo mambo yaendavyo. Lakini kwa vidukari wa ngano si dhahiri hivyo. Yuko kidukari mwingine, yule wa kijani aliyeelezwa Italia mwaka 1852, ambaye aliwasumbua wakulima wa Marekani kwa karne nzima, akawa kila baada ya muda anatokea na aina mpya inayoshinda mbegu mpya. Na mwaka 1997 kundi la wataalamu lilipoyapanga matukio hayo kwa tarehe na kwa ukubwa wa mashamba lilionyesha kwamba mara nyingi aina mpya ilijitokeza mahali ambapo mbegu kinzani ilikuwa bado haijapandwa kwa wingi wa kuweza kuizaa. Dhana yao ilikuwa kwamba aina hizo zilikuwako siku zote, zikijilisha kwenye majani ya porini na nyasi za kandokando ya mashamba, zikingoja bahati yake. Nami naiona dhana hii kuwa ina nguvu, na kwamba inamwondolea mtafiti lawama moja na kumtwika nyingine iliyo nzito zaidi: kwamba ikiwa mdudu ana aina nyingi porini, basi kuja shambani na asili moja ya ukinzani, ukaipanda toka upeo hadi upeo, ni kumwandalia karamu yule mmoja ambaye ataiweza. Kuvunjika kwa ukinzani ni jambo la maumbile. Kuvunjika kwake katika wilaya nzima kwa msimu mmoja ni kazi ya watu.

Mtafiti mwenyewe hakuchagua njia ya kujitetea kwa dhana hiyo, ingawa bila shaka aliijua.

MTAFITI: Mzee wangu, hunirudishii kitu, kwa sababu sikukuuzia ahadi ya milele, na kama kuna aliyekuuzia hiyo, alikukosea. Lakini tazama yaliyotokea baada ya 2003. Ilipotokea aina ile ya Colorado, zilijaribiwa asili za ukinzani zilizojulikana, na miongoni mwa zile mashuhuri ni moja tu iliyosimama imara, ambayo haikutoka katika ngano hata kidogo; ilitoka katika rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano, ambayo kipande chake kilikuwa kimehamishiwa katika ngano na watu wa Afrika Kusini miaka ya nyuma. Ilikuwa imewekwa akiba. Alichokulipa mtafiti, mzee wangu, ni hicho kilichokuwa ghalani siku ile ulipokihitaji.

MWOKA MIKATE: Hapo sasa mmefika kwangu, na hapo sitanyamaza. Waungwana, hicho kipande cha rai nakijua kwa vidole vyangu. Rai ikiingia katika ngano huja na tabia zake, na mojawapo ni kwamba unga wake ukikandwa hunata. Mkononi unanata, mashineni unanata, donge haliinuki kama linavyotakiwa, na mkate hutoka umelala. Mnaposema mbegu bora, mnapima kwa jani lililokunjuka. Mimi napima kwa donge. Mkulima akivuna magunia mengi ya ngano inayonata, msagaji ataikataa au ataipunguzia bei, na mimi nitanunua unga wa ngano iliyotoka ng'ambo, kama ninavyofanya sasa, kwa kuwa Kenya yenyewe hailimi ngano ya kumtosha kila mla chapati. Je, aliyelinda jani akapoteza mkate amelinda nini?

MTAFITI: Maalim amesema kweli, na kwa muda mrefu hilo ndilo lililoifanya asili hiyo ya rai ikae ghalani badala ya kwenda shambani. Dawa yake ni kukifupisha kipande: kukichavusha kizazi baada ya kizazi hadi kikatike mahali panapofaa, sehemu inayomkataa mdudu ibaki, na sehemu inayoharibu donge iondoke. Ni kazi ngumu kwa kuwa rai na ngano, ingawa ni jamaa, hazipendi kubadilishana vipande. Hukaa pamoja kama wageni. Lakini inafanyika.

MUUZA DAWA: Itafanyika, inafanyika, ingefanyika! Mwenyekiti, nimekaa kimya mno. Hawa watu wa maabara nimewahi kuwasoma. Kule Rothamsted, Uingereza, kituo cha utafiti wa kilimo cha tangu 1843, walitengeneza ngano kwa kuipandikizia jeni, ikatoa ile harufu ambayo vidukari hutoa wakishambuliwa ili kuwaonya wenzao, wakitumaini kwamba mdudu akiinusa atakimbia. Mwaka 2012 wakaipanda shambani, wapinzani wakaandamana, polisi wakalinda, magazeti yakajaa. Ndani ya maabara vidukari walikimbia kweli. Shambani hawakukimbia. Mwaka 2015 wenyewe walichapisha kwamba haikufaulu. Pesa yote ile!

MTAFITI: Walichapisha wenyewe, ndugu yangu. Wewe chupa ngapi zisizoua umezichapisha?

BWANA SHAMBA: Tusifike huko. Wote wawili mnajua kwamba kidukari hutoa harufu ile kwa mpigo mmoja anapopatwa na hatari, ilhali ngano ile ilikuwa ikiitoa usiku na mchana, na anayepiga ukelele usiokoma mwishowe haogopewi na mtu. Ilikuwa jaribio, likashindwa, na kushindwa kwake kumetufunza kitu. Sasa niruhusuni nami niseme, kwani mwenyekiti si jiwe.

Mkulima amelalamika kwamba ukinzani hudumu miaka kumi. Si kila ukinzani. Katika karne ya 19 mizabibu ya Ufaransa ilishambuliwa mizizini na filoksera, mdudu aliye karibu na jamaa ya vidukari, aliyetoka Marekani, na kilimo cha zabibu kikakaribia kufa. Kilichookoa ni kuiunganisha mizabibu ya Ulaya juu ya vigogo vya mizabibu ya porini ya Marekani, ambayo ilikuwa imeishi na mdudu huyo tangu zama za kale. Hata leo vigogo hivyo vinasimama. Palipovunjika ni California, miaka ya 1980, ambako walikuwa wamependelea kigogo kimoja kilichozaa sana, ambacho nusu ya nasaba yake ilikuwa ni mzabibu wa Ulaya. Waliionja tamaa ya mavuno, ikawagharimu kung'oa mashamba.

Na jambo la pili, ambalo ndilo linalonikera zaidi. Tumesikia Iran, Bulgaria, Turkmenistan. Hizi ngano za kale hazikujizalisha. Zilipandwa na watu, wakachagua suke moja na kuliacha jingine, baba na mwana, kwa vizazi visivyohesabika, katika nchi ambayo mdudu huyu alikuwa jirani yao. Majina yao hayako katika gunia la Halt wala la Tugela-DN. Mbegu za kwetu nazo zimekwenda safari hiyo. Mwaka 2015 kidukari wa mtama aliingia Haiti, ambako mtama ni chakula cha wanyonge, akaufyeka. Kituo kimoja cha utafiti huko, Chibas, kikakuta katika mashamba yake ya majaribio miche michache iliyosalimika, na kutoka hiyo kikazalisha mtama ulioitwa Papèpichon. Wataalamu walipochimba nasaba yake waliikuta jeni moja iliyoandikwa kwa jina la RMES1, nayo, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, asili yake ni mtama wa kale wa Ethiopia, ambao mbegu zake zilikuwa zimezunguka mikononi mwa watafiti wa dunia kwa zaidi ya nusu karne kabla hazijafika kisiwa kile. Mkulima wa Ethiopia aliwalisha watu wa Haiti asiowajua, wasiomjua. Mimi nauliza tu: aliyefungua ghala lake kiasi hicho, je, akibisha hodi kwetu tutamfungulia?

MKULIMA: Bwana Shamba, hilo ni la serikali na serikali. Langu ni dogo. Nimesikia kwamba Iran ilivunjwa, Turkmenistan ikavunjwa, rai inanata, na kwamba kosa si kuvunjika bali ni sote kupanda asili moja. Nimekubali. Lakini ninyi mnaotuambia tusipande asili moja, mmewahi kutuambia tunapanda asili ipi? Nikinunua gunia la mbegu naona jina, naona uzito, naona tarehe, naona rangi ya dawa waliyoipaka. Sioni ukinzani wake umetoka wapi. Jirani yangu anapanda mbegu ya jina jingine, nami nafurahi kwamba tumetofautiana, kumbe mbegu zote mbili zina jeni ile ile, na kidukari akiivunja kwake kesho yuko kwangu. Nitachaguaje nisichokijua?

Sikutarajia kwamba mjadala ungefika hapo, na nadhani hata mtafiti hakutarajia, kwani alitazama karatasi zake kwa muda kabla ya kujibu. Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya kuchanganya jeni mbili katika mmea mmoja, juu ya kupanda mbegu za asili mbalimbali kwa mistari, juu ya kulima na kuifukia ngano inayojiotea baada ya mavuno ili mdudu asipate daraja la kuvukia msimu hadi msimu. Yote hayo ni mambo ya manufaa, na yote yanadhania kwamba mtu mwenye jembe anajua alichonacho mkononi.

MTAFITI: Taarifa hiyo tunayo. Iko katika madaftari ya kituo na katika faili za wanaoithibitisha mbegu. Hakuna aliyetuomba tuiandike kwenye gunia.

MUUZA DAWA: Na mkiiandika, mteja ataniuliza mimi maana yake, nami nitamjibu nini? Nitamwambia hii ni Iran, hii ni rai? Atadhani namuuzia zulia.

MTAFITI: Utamwambia: hii ni asili ya kwanza, jirani yako amenunua asili ya pili, wewe chukua hii. Herufi moja inatosha, A au B au C. Nawe ukiwa na daftari la nani amenunua ipi, utakuwa umefanya kazi ambayo kituo kizima hakiwezi kuifanya.

MUUZA DAWA: Daftari ninalo. Ni la madeni.

MKULIMA: Ongeza safu moja. Lakini nawaomba, herufi hiyo isiwe kwenye kile kikaratasi kinachoshonewa mdomoni mwa gunia, kwa sababu hicho ndicho cha kwanza kukatwa na kutupwa, na mvua ya kwanza inakiozesha. Ipigwe kwenye gunia lenyewe, kubwa, kwa wino usiotoka, maana gunia tunalihifadhi. Ndilo tunalotilia mbegu ya akiba ya msimu unaofuata.